Mutisya Munge na tezo lililolisha Ukambani

Mtu akitoka kisiwani Mombasa kwenda uwanja wa ndege, akashika njia ya Port Reitz pale Changamwe, atasikia kabla hajaona. Ni mlio wa tezo juu ya mti, ko, ko, ko. Si tezo moja bali mengi, kila moja na mwendo wake, hata mtu aliyezoea kuhesabu mizani hujikuta amesimama kuitafuta. Hapo ndipo penye kijiji cha wachonga vinyago wa Kikamba, chini ya chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Watalii huteremka mabasini, hununua twiga na vijiko vya kachumbari, wakaenda zao. Sisi wenyeji twapita tu. Mimi mwenyewe nimepita hapo miaka na miaka bila kujiuliza ni nani aliyelianzisha jambo lile, wala lilianzia wapi.

Aliyelianzisha ni Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, kando ya barabara iendayo Kitui. Ni mtu wa zamani, wa siku za ile vita kuu ya kwanza ya Wazungu, lakini litaje jina lake mbele ya mchonga vinyago aliyezeeka katika kazi na utamwona anaweka tezo chini kukutazama vizuri. Ndiye nitakayemsimulia leo. Lakini kabla sijamfikia, wasomaji wangu waniwie radhi, nina deni la kukiri.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi. Twakaa Kibokoni, nasoma chuoni, na marehemu baba yangu akifanya kazi bandarini Kilindini. Siku za mapumziko nilimpelekea chakula cha mchana, na njia yangu ilipita penye vibanda vya vinyago karibu na zile pembe kubwa za ndovu zilizopandwa barabarani. Mchongaji mmoja wa makamo alinizoea. Nilimwita Baba Mkamba, naye akiniita Shehe kwa sababu ya kofia yangu. Siku moja alinipa swala mdogo wa urefu wa shubiri, mzuri kweli kweli, shingo imegeuka nyuma kama aliyesikia kitu. Hakutaka hata senti tano.

Nilifika naye chuoni. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakunipiga. Alinieleza tu kwa upole kwamba sura ya kiumbe mwenye roho si jambo la kuweka nyumbani, na malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye kitu kama hicho. Upole ule ulinitisha kuliko bakora. Nilikwenda ufukoni chini ya Ngome, nikamvunja yule swala miguu yote minne juu ya jiwe, nikamtupa majini. Kiwiliwili hakikuzama. Kilielea mbele yangu kikinitazama kwa shingo ile iliyogeuka, nami nikakimbia. Tangu siku hiyo nilibadili njia ya kwenda Kilindini nisije nikakutana na macho ya yule mzee, na nilichobaki nacho juu yake ni neno moja tu: alikuwa akisema kwao ni Kalamba.

Sitaki hapa kuingia katika ubishi wa wanavyuoni kuhusu sura na masanamu. Wako wajuzi wake, na mwalimu wangu alinifunza alichokipokea. Ninalosema ni kwamba mtu alinipa kazi ya mkono wake kwa mapenzi, nami sikuirudisha wala sikumshukuru. Basi nilipokwisha kuingia miaka ya hamsini, mvi zimenitoka, siku moja nilipanda basi la Nairobi, nikashuka Emali, nikatafuta matatu ya Kalamba.

Kalamba hii ni ya Makueni. Mlima Nzaui uko jirani, ule ambao Wakamba husimulia kuwa ndipo watu wa kwanza walipotokea, na nyayo zao zingali juu ya mwamba. Ni nchi ya maembe. Serikali ya kaunti imejenga hapo kiwanda cha kusindika maembe, na msimu ukifika malori hupanga foleni. Nilitafuta wazee waliowahi kufanya kazi Mombasa, nikaonyeshwa wawili watatu wameketi chini ya mwembe, na vijana kama sita wamewazunguka wanachonga. Nikawaeleza habari ya Baba Mkamba. Wakacheka hadi wakafuta machozi. Kila mmoja wao, wakasema, alikuwa Baba Mkamba kwa watoto wa Mombasa. Hilo si jina, ni kabila na umri tu. Na wa Kalamba waliowahi kuchonga Mombasa ni wengi, baadhi wamekwisha kufa. Mzee mkubwa wao, aliyekwisha kuanza kuniita mwanangu, aliniambia kwamba kama shida yangu ni kushukuru, basi niende juu zaidi, nimshukuru aliyewaanzisha wote. Ndipo nikaketi nikasimuliwa habari za Munge. Niliporudi Mombasa niliyalinganisha masimulizi yale na vitabu vya watafiti, na katika shina la habari havikupishana.

Ili kumwelewa Munge yapasa kwanza kuielewa nchi iliyomlea. Ukambani mvua ni ya kubahatisha. Wakamba huzipa njaa zao majina, kama sisi tunavyozipa majina dhoruba na meli, na iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu zao ni ile ya mwisho wa karne ya 19, waliyoiita Ngomanisye, wakati huo huo reli ya Waingereza ikipita nchini mwao kutoka Mombasa. Watu na ng'ombe walikufa kwa wingi, na waliosalia walitawanyika. Kizazi cha Munge kilikulia katika kivuli cha njaa ile. Mtu wa kizazi hicho hakuhitaji kufundishwa kwamba shamba peke yake si tegemeo.

Wala mti haukuwa kitu kigeni mkononi mwa Mkamba. Kabla ya Munge walikuwako mafundi wa pinde na mishale, wa mizinga ya nyuki, wa vinu na michi. Kazi yao ya heshima ilikuwa kigoda cha mzee, kigoda cha miguu mitatu kilichopambwa kwa waya mwembamba wa shaba uliogongwa ndani ya mti kwa michoro. Mzee aliyefikia daraja ya baraza alikuwa na chake na alikwenda nacho. Huyu Munge naye, kwa masimulizi ya kwao, alikuwa tayari na mkono mwepisi kabla ya vita. Isipokuwa kuchonga sura ya mtu au mnyama, kisha kuiuza, halikuwa jambo la Ukambani.

Vita vilizuka Agosti 1914. Waingereza wa Kenya na Wajarumani wa Tanganyika, iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Wadachi, walipigana miaka minne juu ya ardhi isiyokuwa yao, kwa migongo isiyokuwa yao. Vijana wa Ukambani walichukuliwa kwa maelfu, wengine kuwa askari, walio wengi kuwa wapagazi, wale wa Kariakoo, neno tulilolirithi kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao na ambalo sasa ni mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Hesabu za serikali yenyewe ya Uingereza zilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanaojua husema hesabu hiyo ni ndogo. Walio wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Munge naye alichukuliwa kusini katika utumishi huo wa jeshi.

Dar es Salaam iliingia mikononi mwa Waingereza Septemba 1916, na majeshi yakapita katika nchi ya Wazaramo kwenda kusini. Huko ndiko Munge alikowaona wachongaji. Wapo wasimulizi wanaosema aliowaona walikuwa Wamakonde, lakini wengi, na vitabu pia, huwataja Wazaramo. Wazaramo ni jirani zetu wa Pwani, watu wa mrima, na mti wao una maneno mengi: fimbo za wakubwa zenye vichwa vya watu, na yule mwana hiti, kisanamu cha kike ambacho mwali hupewa akiwa ndani. Mwenye kuchonga mwana hiti hachongi kitu cha kuchezea. Anachonga kitu ambacho msichana atakilea kama atakavyolea mwanawe, kijiji chote kikitazama.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mkamba na Mzaramo, mmoja mtumishi wa jeshi lililovamia, mwingine mwenyeji aliyekwisha kuporwa kuku na mtama na majeshi yote mawili. Kwa nini yule amfunze huyu? Na walizungumza kwa lugha gani? La pili nalijibu bila ya shaka nyingi: Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyokuwa ya kambi na ya njia. Tunapojisifu kwamba lugha yetu imebeba tenzi na sheria, na tuongeze hili, kwamba katikati ya vita vile yaelekea ilibeba habari ya namna ya kushika patasi. La kwanza sina jibu lake ila kwamba mafundi hutambuana. Mwashi akimwona mwashi mwenzake ugenini hutazama mikono yake kwanza, kabila baadaye.

Munge alirudi Wamunyu hai, na hilo peke yake lilikuwa fungu jema. Wengine walirudi na kikohozi, wengine na blanketi la serikali. Yeye alirudi na jambo kichwani. Akaanza kuchonga: watu, wanyama, vijiko. Wanunuzi wake hawakuwa jirani zake, kwani Mkamba wa siku hizo angefanya nini na sanamu ya mtu? Walikuwa Wazungu, wamisheni, maofisa na masetla, Machakos kwanza, kisha Nairobi.

Msomaji wa leo asilione jambo hili dogo. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa fedha, na serikali iliiweka makusudi ili wanaume watoke makwao kutafuta kazi. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume akitoka alivaa kipande shingoni ndani ya kidude cha bati, kama mbuzi wa mnadani. Njia ya kupata shilingi ilipita katika shamba la setla au karakana ya reli. Munge aligundua shilingi inayokaa ndani ya gogo la mti kando ya nyumba yake, akaitoa kwa tezo, akalipa kodi yake akiwa kwao. Kuna mashujaa waliopigana na serikali ile kwa maneno na kwa silaha, nasi twawataja kila mwaka. Huyu aliikwepa tu, kwa ustadi.

Sasa tufike penye kiini. Aliyegundua kitu kama hicho angefanyaje? Angefanya ambalo Munge alilifanya mwanzoni: kukificha. Wazee wa Kalamba hawakulificha hili, nami nawashukuru, kwani sisi Waswahili tunapowasimulia wakubwa wetu huwafanya wote mawalii. Kwanza elimu ile ilikuwa ya nyumbani. Waliofunzwa ni wanawe na jamaa zake wa karibu, na aliyekuja kutazama kazi alikuta imefunikwa. Si ajabu, fundi dhahabu hatayarishi pete mbele ya wapita njia, na hata malenga wetu wa kale walikuwa na tungo walizozificha mpaka siku ya mashindano. Mwenye siri ya kula hana haraka ya kuitangaza.

Lakini siri ya mkono haifichiki kijijini. Mtoto wa jirani huona, shemeji huomba, mke huja na nduguye asiye na kazi. Ukambani kuna mila wanayoiita mwethya: watu wa mtaa hukusanyika kumlimia mmoja, kesho kumjengea mwingine, na anayekula jasho la wenzake asitoe lake hupata jina baya. Katika nchi yenye mila hiyo, mtu mwenye chakula peke yake ana haya kuliko mwenye njaa. Ukoo wa Munge ukafungua mlango. Kutoka nyumba moja kazi ilienea katika nyumba za jirani, kutoka hizo katika Wamunyu nzima, hata mwanamume wa Wamunyu asiyejua kuchonga akawa ndiye wa kuulizwa ana nini. Munge alipofariki elimu ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake, na kifo chake hakikuipunguza.

Nimekuwa mwandishi wa mashairi zaidi ya miaka thelathini, na nimeketi katika mikutano mingi inayojadili namna ya kuzitumia sanaa kuinua jamii. Huwa tunaanza na hotuba, tukamaliza na azimio. Wamunyu hawakuanza na hotuba. Walianza na mtu aliyeona haya kula peke yake.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi, maana ni matawi ya mti huo huo. Mwaka 1938 serikali iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe wao kwa bei ya kutupa, kwa kisingizio cha kuokoa ardhi. Watu walikwenda Nairobi kwa wingi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na Muindi akakamatwa, akahamishiwa Lamu. Serikali ililegea mwishoni, lakini kila mtu alikwisha kuona kuwa ng'ombe, benki ya Mkamba, anaweza kuchukuliwa kwa amri. Tezo haliwezi kuchukuliwa namna hiyo. Vita vya pili vilipokuja mwaka 1939, miji ilijaa askari wa kigeni wenye mishahara na hamu ya kupeleka kitu nyumbani, na biashara ya vinyago ikapanda kwa namna ambayo Munge hakuota. Wachongaji na wachuuzi wa Kikamba walienea Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Walter Elkan, aliyekuwa Makerere, aliichunguza biashara hiyo katika miaka ya 1950 na kuchapisha habari zake mwaka 1958, na jambo lililomvutia ni jinsi ilivyokuwa mikononi mwa Waafrika wenyewe, tangu mkata gogo hadi mpeleka mizigo ng'ambo, wakati biashara nyingine zote kubwa zilikuwa za wageni.

Hapo ndipo Changamwe ikazaliwa, mwaka 1963. Walianza watu kama mia, wakaongezeka hata kuzidi elfu mbili. Kazi yao nimeitazama sasa kwa macho mengine. Mmoja hupasua gogo kwa shoka na kutoa umbo. Wa pili huingia kwa tezo dogo. Wa tatu hutia macho na masikio kwa kisu. Kisha kinyago huenda kwa wenye kusugua kwa msasa, aghalabu kina mama, na mwisho hupakwa rangi ya viatu mpaka kikang'aa. Asiyeweza kushika shoka kwa ulemavu au uzee husugua. Anayeanza hupewa vijiko, na akiharibu, kijiko hugeuka kijiko kidogo zaidi. Kinyago kikiuzwa chama hukata fungu lake. Watafiti wa miaka ya 1990 walikisia kuwa Kenya nzima ina wachongaji wapatao 60,000, na wanaokula kwa mikono yao ni mara kadhaa ya hao. Bati nyingi za nyumba za Ukambani na karo nyingi za shule zilitoka tumboni mwa twiga wa mti.

Nasikia msomaji mmoja anakunja uso. Atasema hiyo si sanaa, ni vitu vya kuuzia watalii. Twiga yule yule, Mmasai yule yule mwenye mkuki, maelfu kwa maelfu. Wapo wasomi waliosema hivyo kwa maneno makali zaidi. Siwezi kuwapinga kabisa. Nimeona katika rafu za Changamwe tembo mia wasiotofautiana hata kwa mkonga, na moyo wangu ukachoka. Lakini na sisi tujitazame. Ni mashairi mangapi ya arusi nimetunga kwa malipo, jina la bwana arusi likibadilika na beti zikibaki zile zile? Mke wangu ajua. Katika mia ya namna hiyo hutoka moja ambalo usiku ule mkono haukuwa wangu peke yangu, na lisingetoka lile moja bila ya zile tisini na tisa zilizonilipia mafuta ya taa. Wakamba wenyewe wana ngui, mtunzi na kiongozi wa ngoma, ambaye nyimbo zake humkosoa mwizi na mvivu mbele ya watu wote. Ngui hatungi jipya kila usiku. Anangoja.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Sisi washairi, beti ya mwisho twataja jina letu na mji wetu, ili hata shairi likivuka bahari lijulikane ni la nani. Kinyago cha Changamwe kina namba chini ya nyayo, namba ya mwanachama, kwa ajili ya hesabu ya malipo. Akishakinunua mtu wa Hamburg, namba ile haimwambii kitu. Ndivyo Baba Mkamba wangu alivyopotea. Ndivyo wangepotea wote kama si Wamunyu kushikilia kulitaja jina moja, la yule wa kwanza.

Na kuna jambo la miti. Wachongaji walipenda mpingo, ukaadimika. Wakahamia muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri unaokua polepole mno, hata mtu akiupanda wa kuuchonga ni mjukuu wa mjukuu wake. Misitu yetu ya Pwani, Arabuko-Sokoke ikiwamo, ilitoboka kwa sababu ya muhugu. Tulilalamika, na tulikuwa na haki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa kuhifadhi misitu waliwashauri wachongaji watumie mwarobaini, na wengi wakakubali, ingawa vumbi lake ni chungu na mwanzoni wanunuzi waliusita weupe wake. Mwarobaini unaota nyuma ya kila nyumba ya Mswahili. Mti tuliokuwa tukichemsha majani yake kwa homa ukawa twiga.

Kule Kalamba wazee wale wanachonga mwembe, ile iliyozeeka isiyozaa tena, inayokatwa ili miche mipya ipandwe. Mwembe ni laini na huliwa na wadudu usipoukausha vizuri, wakanieleza, lakini hauvunji sheria ya msitu wala hauombi kibali. Wale vijana sita waliowazunguka hawalipi kitu kwa kufunzwa. Sharti ni moja: kila anayejua kutoa umbo amfunze mwingine mmoja kabla hajaanza kuuza. Niliuliza sharti hilo limetoka wapi. Mzee akanitazama kana kwamba nimeuliza jua limetoka wapi, akasema ndivyo walivyofunzwa wao, na waliowafunza wao walifunzwa hivyo, mpaka ufike Wamunyu.

Sikumwambia mzee habari ya miguu minne niliyoivunja juu ya jiwe, mpaka jioni, matatu ya mwisho ya Emali ikikaribia. Nilipomwambia, hakucheka wala hakusikitika. Aliuliza kama miguu ilivunjika kirahisi. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema basi nyuzi za mti zilikatwa upande, mchongaji alikuwa na haraka siku hiyo, si kazi nzuri. Kisha akaingia ndani akatoka na swala wa mwembe aliyekuwa amekwisha kusuguliwa. Safari hii nililipa, na bei haikupunguzwa hata shilingi. Nikamwomba aandike jina lake chini. Alitafuta kisu, akaketi akafikiri kidogo, akaandika namba yake ya Changamwe, kisha akageuza akaandika na jina, herufi moja moja, polepole kuliko alivyokuwa akichonga.

Swala yule yuko juu ya meza ninayoandikia, si katika chumba ninachoswalia. Miguu yake yote minne ni mizima.